Mguu wa Kinyozi

Mara ya kwanza mke wa Rula alipomwona Kinyozi akiupiga teke mpira wa gofu wa mumewe, alidhani macho yake yamemdanganya. Mpira ulikuwa umelala nyuma ya mti, upande wa kulia, kwenye majani marefu ambayo hata kijana mwenye mikono miwili mizima angetoka jasho kuutoa. Kinyozi alikuwa ametangulia kwa miguu yake mirefu, anapiga mluzi kama mtu anayetafuta funguo alizodondosha. Akafika, akatazama huku, akatazama kule, kisha mguu ukafanya kazi yake. Mpira ukabingirika taratibu, ukaenda kutulia kwenye majani yaliyofyekwa vizuri, kama umewekwa mezani.

"Rula! Uko salama huku!" akapaza sauti. "Wewe mzee una bahati sijapata kuona!"

Rula akaja pole pole, akiburuta mguu mmoja. Akainama, akauona ule mstari wa penseli aliouchora kwa mkono wake, akajua ni wake.

"Nilidhani umeingia mitini," akasema.

"Mitini uingie wewe. Haya piga, jua linatuchoma."

Akapiga, ukaenda vizuri. Rula akacheka kwa sauti, kicheko ambacho mke wake hakuwa amekisikia tangu kabla ya hospitali. Naye huyo mke, aliyekuwa nyuma akivuta kigari cha fimbo, akainamisha macho akajifanya anatoa jani kwenye gurudumu. Moyoni alishukuru. Tena alishukuru sana.

Rula hilo si jina lake, ni la utani. Alikuwa seremala maisha yake yote, na rula ya mbao haikutoka kwenye mfuko wa shati lake. Lakini hawakumwita hivyo kwa sababu ya ile rula tu. Walimwita hivyo kwa sababu alikuwa mtu wa kunyooka. Mteja akiletewa meza iliyopungua hata unene wa ukucha, Rula mwenyewe ndiye aliyemwambia, na ndiye aliyeibeba kuirudisha karakana. Watoto wake walikua wakijua kwamba kwa baba hakuna "karibu sawa". Ni sawa, au si sawa.

Gofu alijifunzia kwenye kile kiwanja kidogo cha mashimo tisa kilicho nyuma ya kiwanda cha nguo. Zamani kilikuwa cha wafanyakazi wa kiwanda, sasa ni cha yeyote anayeweza kulipa ada ya mwaka. Si kiwanja cha matajiri. Utamkuta pale mwuza vipuri, utamkuta nesi, utamkuta fundi bomba. Rula alikwenda kutengeneza milango ya vyoo vya klabu, akaona watu wazima wanakimbiza kijimpira, akawacheka. Wiki iliyofuata akarudi bila misumari.

Kila Jumamosi asubuhi alicheza na wenzake wawili. Mmoja ni huyo Kinyozi, mwenye duka la kunyolea karibu na kwao, mtu wa maneno mengi. Mwingine ni Mwalimu, mstaafu, mpole, anayekusahihisha hata ukipiga chafya. Walicheza hivyo miaka na miaka, wakitaniana na kununiana na kupatana.

Halafu kiharusi kikaja. Kilimshika Rula karakana, randa ikiwa mkononi. Alipotoka hospitali, mkono wa kulia ulikuwa kama wa kuazima. Hata kuona kuliharibika. Vitu vilivyokuwa upande wa kulia aliviona kama mtu anayechungulia kupitia pazia, mpaka ageuze mwili mzima. Akawa anakaa kwenye kiti sebuleni, uso umeelekea ukutani. Ukimpa chai, anakunywa. Usipompa, haulizi. Mtaalamu wa mazoezi akamwambia mke wake pembeni, "Mama, mkono utapata nguvu kidogo kidogo. Mimi naogopa hicho kiti. Mtafutie kitu cha kumwamsha."

Kitu chenyewe kikawa Jumamosi. Kinyozi na Mwalimu walimjia mlangoni, wakambeba nusu kwa utani nusu kwa nguvu. Mke akasema atavuta kigari. Ndivyo ulivyoanza ule mguu wa Kinyozi.

Mkono wa Rula ulikuwa dhaifu, kwa hiyo mipira yake mingi ilikimbilia kulia, kwenye miti. Na kulia ndiko asikoona. Kinyozi anatangulia, mguu unafanya kazi, sauti inaita, "Uko salama!" Mwalimu naye, ambaye maisha yake yote aliwachapa watoto kwa kuangalizia mitihani, anageukia upande mwingine na kutazama ndege. Mwisho wa mchezo anatia sahihi kwenye kadi, na kadi inapelekwa ofisini kama sheria inavyotaka.

Sasa hapa lazima nieleze kidogo, asije mtu akapotea. Katika gofu kila mchezaji ana namba yake, wanaiita handikapu. Ni mapigo unayopunguziwa mwisho wa mchezo, ili mnyonge aweze kushindana na mwenye nguvu. Hodari anapunguziwa machache, dhaifu anapunguziwa mengi, kama mbio ambazo mzee anaanzia mbele ya kijana. Na namba hiyo huipati kwa kuomba wala kwa kulia. Inatoka kwenye kadi zako. Wanachukua zile ulizocheza vizuri, zile mbaya wanaziweka kando. Wanasema hiyo ndiyo haki, maana mtu anaweza kucheza ovyo makusudi ili apewe mapigo mengi, ila hakuna anayeweza kucheza vizuri kupita uwezo wake.

Waliotunga hiyo sheria hawakumjua Kinyozi.

Basi Rula akabaki na namba yake ya zamani, namba ya mtu mzima wa afya. Jumamosi aliimudu. Lakini yalipokuja mashindano, ambayo ofisi ndiyo inapanga nani acheze na nani, alipangwa na watu asiowazoea. Huko hakuna mguu wa mtu. Mpira ukienda mitini, unakaa mitini. Akawa wa mwisho. Mara ya pili, wa mwisho. Mara ya tatu makundi mengine yote yalimaliza, hata viti vya kugawia zawadi vimepangwa, yeye bado yuko kwenye shimo la saba anatoa jasho, na mke wake anavuta kigari nyuma yake huku akiuma midomo.

"Ni woga," Rula akamwambia mkewe walipofika nyumbani. Alikuwa anavua viatu kwa mkono mmoja. "Sijawahi kuwa mwoga, mama watoto. Jumamosi napiga vizuri, wewe mwenyewe unaona. Nikisikia neno mashindano, mwili unakataa."

"Siyo woga, baba. Unachoka tu."

"Jumamosi mbona sichoki?"

Mke akachukua viatu akaenda kuvipangusa matope.

Aliyeharibu mambo ni Mwalimu, na aliyaharibu kwa wema. Aliingiwa na huruma, akaenda kwa kamati bila kumwambia mtu, akaomba Rula aongezewe handikapu kwa sababu ya ugonjwa. Kamati ina ruhusa hiyo. Lakini alisahau kitu ambacho mtoto wa darasa la pili asingesahau. Kabla ya kuongeza, kamati lazima itazame kadi, na kadi zote za Jumamosi zina sahihi ya Mwalimu huyohuyo.

Kamati ikatazama. Ikaona mtu ambaye Jumamosi anacheza kama hajawahi kuugua, na siku ya mashindano anacheza kama hajawahi kushika fimbo. Watu wa namna hiyo wanawajua. Ni wale wanaojifungisha makusudi ili wapewe mapigo ya bure, halafu siku ya kombe wanaamka. Wakamwita Rula aje ajieleze.

Katibu wa kamati alipompigia simu, Rula alisikiliza mpaka mwisho, akasema asante, akakaa. Kwenye kile kiti.

"Wanasema mimi mwizi," akamwambia mkewe.

"Hawajasema hivyo."

"Wamesema kwa adabu."

Siku hiyo hakula. Siku iliyofuata alikunywa uji nusu kikombe. Mke akaona yale macho yameanza tena kuelekea ukutani. Akajitanda khanga, akaenda dukani kwa Kinyozi.

Alimkuta anamnyoa kijana mmoja, povu limejaa shingoni. Redio inaimba. Kinyozi alipomwona kwenye kioo, mkono ukasimama.

"Shemeji! Karibu, karibu kiti. Umekuja kupunguza nywele? Nitakunyoa mtindo, Rula asikutambue."

"Zima redio."

Akaizima. Kijana akajaribu kugeuza kichwa kuona kuna nini, Kinyozi akamrudisha kwa kidole. "Wewe tulia, nina wembe hapa."

"Keshokutwa anakwenda mbele ya watu," mke akasema. "Ataambiwa mwongo. Rula, mwongo! Wewe unamjua."

"Namjua, shemeji."

"Basi sema ulichofanya."

Kinyozi akafuta wembe kwenye kitambaa, akaufuta tena ingawa ulikuwa safi. "Kufungiwa mimi siogopi. Wanifungie hata mwaka mzima, nitapata nafasi ya kulala. Ninachoogopa ni yeye. Siku nikisema, zile Jumamosi zote zinakuwa nini? Si zitakuwa sadaka? Yule mtu hata msumari wa bure hapokei."

"Najua."

"Wewe ungemwambia?"

Mke akaikaza khanga yake. Kumbe ndicho alichokuwa anajiuliza njia nzima. Nyumbani alikuwa na usiku na mchana wa kumwambia, na hakumwambia.

"Sema wewe," akasema mwishowe. "Mimi siwezi."

"Nitasema," Kinyozi akajibu. Yule kijana kwenye kiti alikuwa amefumba macho kama amelala, lakini masikio yalikuwa wima.

Kamati inakaa kwenye chumba cha nyuma cha klabu. Meza ndefu, viti vya plastiki, feni inayolia kila ikizunguka, na ukutani picha za washindi wa zamani zilizofifia mpaka nyuso zinafanana. Mwenyekiti alikuwa Daktari wa Meno, mtu wa makamo, mstaarabu. Rula alivaa shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe kwa mkono wa kushoto, kola imejikunja upande mmoja. Mke alitaka kuinyoosha, akaogopa kumwaibisha.

"Shikamoo mzee wangu," Daktari akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Pole na kuugua. Sasa mzee, tatizo letu ni hili. Kadi zako za Jumamosi zinasema mkono umepona. Kadi za mashindano zinasema mkono umekufa. Na mkono ni huo mmoja. Tuamini zipi?"

"Zote za kweli."

"Haziwezi kuwa za kweli zote."

"Nilihesabu kila pigo," Rula akasema. "Hata nilipoukosa mpira nikapiga hewa, nilihesabu. Sijawahi kuacha hata moja."

Kinyozi akasimama. Kiti chake kikaburuzika kwa kelele.

"Mwenyekiti, anasema kweli, alihesabu. Ila mipira ilikuwa inaingia mitini, na mimi nilikuwa naitoa. Kwa mguu. Haoni upande ule. Kila Jumamosi."

Feni ikalia. Mwalimu akawa anatazama viatu vyake, halafu naye akainuka nusu. "Na mimi nilikuwa naona," akasema. "Nilitia sahihi nikiwa naona."

Mke wa Rula akamtazama mumewe. Alijiandaa kumwona akianguka. Hakuanguka. Alicheka.

"Jamani," Rula akasema. "Jamani, acheni hayo." Akamgeukia Daktari. "Mwanangu, hawa ni ndugu zangu. Wameona nimebanwa, wanataka kunibeba. Huyu Kinyozi mkewe akimuuliza umekula nini, anadanganya. Mwalimu ndiyo kabisa, hawezi hata kusema uongo akaumaliza, mwangalieni anavyotetemeka. Wanajichafua kwa ajili yangu, na mimi sikubali."

"Rula, nakuapia..." Kinyozi akaanza.

"Kaa chini! Ukiapa utapata dhambi bure."

Wajumbe wawili wakacheka. Hata Daktari alitabasamu, kisha akarudisha uso wa kazi. Akamgeukia mke.

"Mama, naambiwa wewe unakuwepo kila Jumamosi."

"Nakuwepo."

"Uliona mpira ukisogezwa?"

Rula alikuwa amekaa huku mkewe yuko upande wake wa kulia. Ili amwone ilibidi ageuze mabega yote, na akageuka. Alimtazama mkewe kwa utulivu, kama mtu aliyepima ubao mara mbili na sasa anasubiri tu msumeno. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alijua mke wake atasema nini.

Akisema ndiyo, anampa mumewe namba ya haki na kumnyang'anya kila Jumamosi aliyocheka. Akisema hapana, anamwachia Jumamosi zake na kumwacha na namba inayomwonea. Alitafuta neno la tatu. Halikuwepo.

"Mimi navuta kigari, mwanangu," akasema. "Nakuwa nyuma."

"Kwa hiyo hukuona?"

"Nakuwa nyuma sana."

Kinyozi akafumba macho.

Kamati haikukawia. Daktari akasema mzee ni mtu anayeheshimika, na kwa kuwa mwenyewe anasimama na kadi zake, kadi zinakubaliwa. Hawamshitaki kwa kujifungisha. Lakini handikapu haiwezi kuongezwa, maana kadi nzuri zipo na mwenyewe amesema ni za kweli. Inabaki palepale. Akawageukia wale wawili, safari hii bila tabasamu. Hayo waliyosema ya mguu, wakisikia tena hata fununu, wote watatu watafutwa klabuni. "Pamoja na mzee," akasema. "Sitapenda, ila nitafanya."

Njiani Rula alitembea kifua mbele. "Umeona?" akamwambia mkewe. "Wamekubali kadi zangu. Namba waache, namba nitaikimbilia mwenyewe. Ni kuondoa woga tu."

Mke akaitikia. Alikuwa anatafuta ndani yake mahali pa kuanzia, kila alipogusa palikuwa moto. Kumwambia sasa? Angekuwa amemdanganya mbele ya watu na kumwumiza barabarani. Jioni Rula alikula akamaliza, akaomba nyongeza. Ungefurahi au ungelia?

Jumamosi ikafika. Kinyozi hakutania hata kidogo, mpaka Rula akamwuliza kama anaumwa jino, maana daktari wanaye. Mashimo mawili ya kwanza mipira ilikwenda sawa, Mungu alisaidia. La tatu, ule mkono ukalegea, mpira ukaruka kulia.

Kinyozi akatangulia. Hakupiga mluzi. Akafika kwenye mti, akasimama, mikono nyuma, miguu miwili pamoja kama askari.

"Uko salama?" Rula akauliza kwa mbali.

"Uko huku, Rula."

Rula akaenda moja kwa moja kwenye majani yaliyofyekwa, pale alipozoea kuukuta. Akatafuta. Akazunguka.

"Huku wapi?"

"Nyuma ya mti."

Akaenda. Akapiga, ukagonga shina ukarudi miguuni. Akahesabu kwa sauti. Akapiga, majani yakameza fimbo. Akahesabu. Mwalimu hakutazama ndege, alitazama chini. Rula akapiga mpaka ukatoka, akawa anahema, na hesabu yake ilikuwa kamili.

Shimo la nne, kulia tena. Miti tena. Safari hii Rula hakuuliza. Alitembea mpaka kwenye mpira, kisha akageuka pole pole, mwili mzima, akapima kwa macho kutoka mtini mpaka kwenye majani mafupi. Seremala akitazama nafasi anajua ni hatua ngapi bila kutembea. Akamtazama Kinyozi. Kinyozi alikuwa analia bila sauti, mtu mzima, na hakujifuta.

Halafu Rula akaendelea kugeuka mpaka akamwona mkewe, kule nyuma, na kigari.

"Mama watoto," akaita. Sauti haikuwa ya hasira, ingekuwa ya hasira ingekuwa nafuu. "Hapo ulipo, unauona huu mpira?"

Angeweza kusema hauoni. Lakini hata mbuzi angeuona.

"Nauona," akasema.

Rula akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyeambiwa bei.

Nyuma yao kulikuwa na kundi la vijana wanasubiri, wameshika viuno. Rula akainua fimbo akawapungia wapite. Wazee wakajisogeza pembeni, kila mmoja na mahali pake pa kusimama, hakuna aliyesimama karibu na mwenzake. Vijana wakapiga, wakapita, wakawasalimia, "Shikamooni wazee, asanteni kwa kutupisha!"

"Marahaba," Rula akaitikia peke yake.

Wakaenda wakichekacheka mpaka wakavuka mwinuko. Rula akarudi nyuma ya mti, akapanga miguu yake, akashika fimbo kwa ule mkono wa kuazima. Mke akabaki ameshika mpini wa kigari, hajui asogee karibu au abaki palepale alipo.